Kisiwa cha Usiku Nne

Chukua picha za matangazo ya hoteli za Aruba, Antigua, Anguilla na Barbados, zifute majina, kisha mpe mtu azirudishe kila moja kwao. Atashindwa. Zote zina maji ya samawati, mnazi ulioinama na bembea ya kamba inayotosha watu wawili. Hata hivyo ndivyo wapenzi wengi wanavyochagua kisiwa: mmoja anaiona picha kwenye simu usiku, anamgusa mwenzake bega, wanakubaliana, wanalipa. Baadaye ndipo wanapokutana na yale yasiyopigwa picha, yaani saa ya kutua, urefu wa barabara ya kutoka uwanjani, upande unakotoka upepo, na mwezi wenyewe wa safari.

Sura hii ni ya watu wawili wenye usiku nne, tano wakibanana sana. Ruhusa ya kazini imepatikana kwa mbinde, watoto wameachiwa shangazi yao, na Jumanne asubuhi kila mmoja anatakiwa kazini. Mwenye wiki mbili akikosea kisiwa hupanda boti akaenda cha pili. Mwenye usiku nne akikosea, amekosea.

Kwa mnaosoma mkiwa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, ushauri wangu ni mfupi: usiku nne msiupeleke Karibi. Hakuna ndege ya moja kwa moja, safari inakula zaidi ya siku nzima kwenda na nyingine kurudi, na njia nyingi hupitia Marekani au Ulaya. Marekani haina sehemu ya abiria kupita tu. Hata ukishuka Miami kwa saa mbili kungojea ndege nyingine, unatakiwa uwe na viza. Lamu ipo, Pemba ipo, Mafia ipo. Ninaowaandikia hasa ni ndugu zetu walioko Dallas, Minneapolis, Toronto, London na Brussels, ambao Karibi kwao ni safari ya mwisho wa wiki uliorefushwa, na ambao kila Februari wanatazama theluji dirishani na kuulizana kwa nini walikuja.

Tuanze na hesabu ya saa, maana ndiyo inayopunguza visiwa kabla uzuri haujaulizwa. Tuseme mnaishi Dallas na mmeipenda Saint Lucia. Mnaruka asubuhi, mnabadilisha ndege Miami, mnatua Hewanorra jioni, jua likiwa linazama au limeshazama, kwa kuwa huko nako jua halikawii sana baada ya saa kumi na mbili, iwe Januari au Julai. Hewanorra iko Vieux Fort, ncha ya kusini ya kisiwa. Hoteli nyingi ziko kaskazini, Rodney Bay na Gros Islet. Kati ya ncha hizo mbili kuna mwendo wa saa moja na nusu, mara nyingi zaidi, kwenye barabara ya milima yenye kona zisizokwisha. Mnafika hotelini jiko limefungwa na mmoja wenu tumbo limevurugika. Siku ya kuondoka, ndege inaruka mchana, kwa hiyo teksi inawafuata asubuhi. Usiku nne umezaa siku tatu, na ya kwanza mtaamka mmechoka.

Simaanishi Saint Lucia iachwe. Milima yake miwili, Gros Piton wenye mita 798 na Petit Piton wenye mita 743, inachomoka baharini wima kabisa, na UNESCO ililiingiza eneo hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Nasema tu kwamba mwenye usiku nne alale Soufrière, chini ya milima hiyo hiyo aliyoiona kwenye tangazo, asilale Rodney Bay kisha akalipa tena teksi ya kwenda kuitazama. Jirani na Castries kuna uwanja wa pili, George F. L. Charles, karibu sana na hoteli za kaskazini, ila njia yake ni fupi na hupokea ndege ndogo zinazoruka kati ya kisiwa na kisiwa.

Linganisha na Grenada. Uwanja wa ndege uko Point Salines, kusini magharibi, na ufukwe wa Grand Anse, wenye urefu wa karibu kilomita tatu, uko dakika kumi hivi kwa teksi. Mkitua saa tisa alasiri, saa kumi na moja mko majini. Uwanja huo una kisa chake. Mwaka 1983 Ronald Reagan aliuonyesha Wamarekani kwenye televisheni, ukiwa bado unajengwa kwa msaada wa Cuba, akauhesabu kuwa tishio la kijeshi. Oktoba ya mwaka huo huo majeshi yake yakashuka kisiwani. Leo unaitwa jina la Maurice Bishop, waziri mkuu aliyeuawa siku chache kabla ya uvamizi, na shehena yake kubwa ni wapenzi wenye masanduku ya magurudumu.

Kipimo changu ni ndege ya moja kwa moja, au kubadilisha mara moja tu, na barabara isiyozidi saa moja. Kisiwa kikishindwa hapo kiwekeni kwa safari ndefu. Dominica nayo naiweka kando kwa usiku nne, nami inaniuma kusema hivyo. Kutembea hadi Boiling Lake, ziwa la volkano linalochemka porini, ni kazi ya siku nzima kwenda na kurudi, na siku inayofuata miguu hukataa amri. Kisiwa hicho kinataka wiki. Vivyo hivyo na tamaa ya kuruka visiwa viwili vitatu kwa safari moja. Cha pili ninachoweza kukiruhusu ni kile kinachofikika kwa boti fupi: Anguilla ukitokea Saint Martin, dakika kama 25, au Bequia ukitokea Kingstown, saa moja. Zaidi ya hapo mtakuwa mnafungasha na kufungua mabegi badala ya kupumzika.

Karatasi nazo zina visiwa vyake. Anayeishi Marekani na hajapata pasipoti ya huko asidharau Puerto Rico. Ni ardhi ya Marekani tangu 1898. Kutoka Miami au New York ni safari ya ndani, na anayesafiri moja kwa moja kwenda na kurudi hahesabiwi kuwa ametoka nchini. Kwa mtu ambaye ombi lake la hifadhi bado liko mezani, huo si mzaha, kwani akitoka nje bila kibali anaweza kujikuta amejifungia mlango mwenyewe. Visiwa vya Virgin vya Marekani, vilivyonunuliwa kutoka Denmark mwaka 1917, navyo ni vya Marekani, lakini ukirudi bara kuna ukaguzi wa uhamiaji uwanjani, kwa hiyo mwenye karatasi ambazo hazijakamilika amuulize wakili wake kabla ya kununua tiketi. Walioko Paris au Lyon wana Guadeloupe na Martinique, ambazo ni Ufaransa kamili, euro ile ile na sheria zile zile. Tahadhari moja: visiwa hivyo havimo katika eneo la Schengen, na mwenye kibali cha Ubelgiji au Ujerumani asichukulie kwamba kinatosha, aulize ubalozi wa Ufaransa. Na walioko London wenye pasipoti ya Uingereza wakumbuke kwamba aliyekwenda Cuba tangu 12 Januari 2021 hawezi tena kuingia Marekani kwa kibali chepesi cha ESTA. Ataomba viza kama wengine. Havana ni jiji zuri, ila kama mna harusi ya binamu Houston mwakani, lifikirieni mara mbili.

Sasa bahari. Mtu aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja anajua habari za pepo na maji, na anapofika Karibi maarifa hayo yanamsaidia nusu na kumpoteza nusu. Kwetu upepo una zamu, kaskazi miezi yake na kusi miezi yake. Karibi hakuna zamu. Upepo unatoka mashariki, au kaskazini mashariki, karibu mwaka mzima, na ndio uliomsukuma Columbus mwaka 1492. Kwa sababu hiyo kila kisiwa kina uso na kisogo. Mashariki kinapambana na Atlantiki, mawimbi yanakuja kutoka mbali bila kizuizi. Magharibi kimejikinga chenyewe, maji yametulia.

Barbados inaonyesha jambo hili vizuri kuliko kisiwa chochote, kwa sababu ni chembamba. Upana wake ni kama kilomita 23. Mkiwa Holetown, pwani ya magharibi, mnaingia majini mkiwa mmeshikana mikono, bahari imelala. Mkiendesha gari kuvuka mashamba ya miwa mnafika Bathsheba, ambako majabali makubwa yamesimama ndani ya povu, vijana wa mbao za mawimbi wanasubiri zamu yao, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeogelea. Ni kisiwa kimoja, siku moja, jua moja. Hoteli ya Bathsheba itakuwa na picha nzuri na bei nzuri. Kama mmekuja kuogelea, mmepotea. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungueni ramani muone dirisha linatazama wapi. Magharibi ndiko kuzuri kwa usiku nne, na machweo mtapewa juu yake bila malipo.

Kuhusu maji kupwa na kujaa, hapa ndipo mtu wa pwani anaposhangaa. Paje au Jambiani wakati wa bamvua, bahari inakwenda zake hadi unaona kina mama wakitembea mbali huko ambako asubuhi palikuwa na mashua. Tofauti kati ya maji makuu na maji makavu Zanzibar hufika karibu mita nne. Sehemu kubwa ya Karibi haifiki hata nusu mita. Hakuna kuuliza maji yanajaa saa ngapi, hakuna kupanga chakula kufuatana na bahari. Ukitoka chumbani saa moja asubuhi au saa tisa alasiri, maji yako pale pale ulipoyaacha. Kwa mwenye siku tatu hiyo ni zawadi kubwa. Kuna cha kukosa pia. Ile sakafu ya mchanga mgumu unayoweza kuitembea jioni hadi mnara wa taa haipo. Fukwe nyingi ni mkanda mwembamba kati ya mikoko au hoteli na maji, na ukimaliza mkanda umemaliza matembezi. Wapenzi wanaopenda kutembea kwa miguu wachague ufukwe mrefu: Grand Anse, Eagle Beach ya Aruba, au Negril huko Jamaica.

Tangu 2011 kuna mgeni mwingine baharini. Ni mwani wa kahawia uitwao sagasamu. Si ule unaolimwa Jambiani kwa vigingi na kamba. Huu hauna mzizi, unaelea, umejitengenezea ukanda kutoka karibu na Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Mexico, na upepo ule ule wa mashariki unausukumia visiwani. Unapoanza kupungua majira ya baridi watu husahau, kisha Machi unaanza kuonekana tena, na Mei hadi Julai unaweza kujaza ufukwe mzima lundo la kufika magotini. Ukioza unatoa gesi yenye harufu ya yai viza, na mkufu wa fedha unabadilika rangi shingoni. Punta Cana, pwani ya mashariki ya Barbados na fukwe za Guadeloupe zinazotazama Atlantiki ndizo zinazopata shida zaidi. Hoteli hukodi matrekta alfajiri kuukokota kabla wageni hawajaamka, lakini trekta haiwezi kuondoa uliomo ndani ya maji. Dawa ni ile ile, kulala magharibi.

Halafu kuna ugomvi wa kawaida wa watu wawili, mmoja anataka kulala mchangani na kitabu, mwingine akikaa saa mbili anaanza kuulizia mlima. Ugomvi huu una jibu katika mawe. Visiwa vya mashariki ya Karibi vimepangika kwa safu mbili. Safu moja ni ya volkano: Grenada, Saint Vincent, Saint Lucia, Martinique, Dominica, Montserrat, Nevis, Saba. Milima inakamata mawingu, mvua inanyesha, mito inashuka, misitu ni mizito, na mchanga mara nyingi ni wa kijivu au mweusi. Mchanga mweupe ulioko kati ya milima miwili ya Saint Lucia uliletwa. Wa asili ni mweusi. Safu ya pili ni ya chokaa na matumbawe: Antigua, Barbuda, Anguilla. Barbados, iliyojitenga upande wa mashariki, nayo ni ya aina hiyo. Ardhi ni ya chini, mvua ni chache, na kwa kuwa hakuna mto wa kuleta tope, maji ni meupe kama mlivyoyaona kwenye simu. Basi anayetaka maji hayo asitafute mlima, na anayetaka maporomoko asilalamikie rangi ya mchanga.

Kisiwa kinachopatanisha pande zote mbili ni Guadeloupe. Ni mabawa mawili yaliyotenganishwa na mkondo mwembamba wa mikoko na kuunganishwa kwa madaraja. Bawa la magharibi ni volkano tupu, na La Soufrière, mita 1,467, ndiyo kilele cha visiwa vyote hivyo vidogo vya mashariki. Bawa la mashariki ni chokaa, tambarare, lenye fukwe nyeupe za Sainte-Anne. Asubuhi mmoja anapata maporomoko ya Carbet, alasiri mwingine anapata mchanga wake, na kati yao ni mwendo wa saa moja au zaidi kidogo kwa gari la kukodi. Lazima mkodi gari. Bila gari Guadeloupe ni nusu yake. Pale Pointe-à-Pitre kuna Mémorial ACTe, jumba la makumbusho ya utumwa lililofunguliwa mwaka 2015, na hata kwa wapenzi waliokuja kusahau dunia naona saa mbili za humo si hasara. Kifaransa kinahitajika, na kwa Mkongomani hilo halina tatizo.

Miezi. Msimu wa vimbunga rasmi unaanza 1 Juni na kwisha 30 Novemba, na hatari kubwa iko kati ya katikati ya Agosti na Oktoba. Bei hushuka sana wakati huo, na sababu yake si ukarimu. Mwaka 2017 Irma iliiharibu Barbuda hadi watu wote wakahamishwa, na wiki mbili hazijaisha Maria ikaivunja Dominica kisha Puerto Rico. Beryl ilifika Carriacou, kisiwa cha Grenada, tarehe 1 Julai 2024, mapema kuliko watu walivyozoea. Melissa iliingia Jamaica Oktoba 2025 ikiwa na nguvu za daraja la juu kabisa. Bima ya safari husaidia, lakini ununuzi wake una siri moja: karibu kampuni zote zinataka uwe umeinunua kabla kimbunga hakijapewa jina. Kikishaitwa, umechelewa.

Wenye likizo Septemba hawana haja ya kukata tamaa. Kusini kabisa, karibu na pwani ya Venezuela, viko visiwa vitatu vya Ufalme wa Uholanzi ambavyo njia ya vimbunga huvipita kwa mbali: Aruba, Bonaire na Curaçao. Huguswa mara chache sana. Ni vikavu, vina madungusi na miti ya dividivi iliyolazwa na upepo ikaelekea upande mmoja, na Aruba haipati hata milimita 500 za mvua kwa mwaka. Bonaire ni ya wazamiaji; mnakodi mitungi, mnaegesha gari penye jiwe la njano kando ya barabara, mnaingia majini mkitembea. Kama mmoja wenu hazamii, Bonaire itamchosha siku ya pili. Aruba ina ufukwe bora kuliko vyote vitatu na mwenendo wa Kimarekani kupita kiasi kwa ladha yangu, na ina faida ya pekee: anayerudi Marekani anakaguliwa na uhamiaji wa Marekani pale pale Aruba, akitua Houston anatoka kama aliyetoka Chicago. Foleni hiyo lakini inadai mfike uwanjani saa tatu kabla, kwa hiyo asubuhi ya mwisho ihesabuni imekwenda.

Mimi ningechagua Curaçao, na sababu yake ni Willemstad. Visiwa vingi vya Karibi vina hoteli nzuri na mji wa kupita. Curaçao ina mji wa kukaa. Nyumba za Handelskade, njano, waridi na samawati, zimesimama ukingoni mwa mkono wa bahari unaopenya katikati ya mji, na juu ya mkono huo kuna daraja la Queen Emma, linaloelea juu ya maboti tangu 1888. Meli ikikaribia, kengele inalia, vizuizi vinafungwa, na injini iliyoko mwisho wa daraja inalivuta daraja zima kando kama mlango. Aliyechelewa akabaki juu yake anasafiri nalo; hakuna anayemfukuza. Anayengoja ng'ambo anaangalia bendera, maana ya rangi ya chungwa inasema ni muda mfupi, ya buluu inasema nenda kapande kivuko, nacho ni cha bure. Zamani daraja lilikuwa na ushuru, wenye viatu walilipa na wa pekupeku walipita bure, na husimuliwa kwamba maskini waliazima viatu ili wasionekane maskini huku matajiri wakivua vyao. Kaeni mezani jioni upande wa mji uitwao Punda, agizeni chochote, mlitazame likifunguka. Fukwe ziko magharibi, vijighuba vidogo kati ya miamba, na Kenepa Grandi ndiyo nzuri zaidi, karibu saa moja kwa gari kutoka mjini. Kwenye shamba la Kenepa ndiko mtumwa aliyeitwa Tula alikoanzisha uasi wa watumwa mwezi Agosti 1795, na nyumba kubwa ya shamba ipo bado, mlimani juu ya ufukwe.

Nije kwenye hoteli za kulipia kila kitu kwa pamoja, zile za bangili mkononi. Jamaica ndiyo iliyozikuza; Sandals ilifungua hoteli yake ya kwanza Montego Bay mwaka 1981, kwa ajili ya watu wawili wawili tu. Wasomi wengi huzidharau. Mimi sizidharau. Watu wawili wanaofanya kazi zamu mbilimbili hospitalini, wasiotaka kuona bili wala sufuria kwa siku nne, wana haki ya hiyo bangili. Ninachowaomba ni waelewe walichonunua. Wamenunua hoteli, hawakununua kisiwa. Bafe, bwawa na bendi ya saa mbili usiku havitofautiani sana kati ya Punta Cana, Montego Bay na Antigua, basi hakuna sababu ya kuhangaika na ramani. Chukueni ndege fupi na ya bei nafuu, mlale. Wanaotaka kutoka nje ya geti ndio wanaohitaji sura hii. Na huko nje sheria hazilingani. Barbados fukwe ni za wote, hoteli haiwezi kukuzuia kukaa mchangani. Jamaica sheria ya fukwe ya mwaka 1956 haimpi mwananchi haki ya jumla ya kufika baharini, na hadi leo Wajamaika wanaipigania mahakamani. Jamaica Kincaid, mwandishi aliyezaliwa Antigua, alichapisha kitabu kidogo mwaka 1988, A Small Place, kinachomgeukia mtalii bila huruma. Kisomeni kwenye ndege ya kwenda, si ya kurudi.

Pesa nitazipitia haraka. Grenada, Saint Lucia, Antigua na majirani zao wanatumia dola ya Karibi Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, bei isiyobadilika tangu 1976. Barbados ina yake, mbili kwa moja. Kwa hiyo dereva akisema "dola arobaini", ulizeni dola gani kabla ya kupanda. Bei ya chumba iliyoandikwa mara nyingi haina kodi wala ada ya huduma. Ombeni jumla kamili. Mliojifunza kuendesha Nairobi au Dar mtafurahi kwamba visiwa vilivyokuwa vya Mwingereza vinatumia kushoto. Visiwa vya Virgin vya Marekani navyo vinatumia kushoto, ila magari yana usukani wa kushoto vilevile, na huo ni mtihani ambao sioni haja ya kuufanya mkiwa mapumzikoni.

Mnaotoka Marekani na karatasi zenu zina walakini, basi, nendeni Puerto Rico, na kama mnaweza kuchagua tarehe, chagueni giza la mwezi mkavuke hadi Vieques. Usiku, katika ghuba ya Mosquito Bay, kila pigo la kasia linawasha maji kwa mwanga wa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Mwezi ukiwa mpevu hamtaona kitu. Kuogelea humo hakuruhusiwi, mnapanda mtumbwi. Mnaotoka Toronto au New York majira ya baridi, Grenada, yenye kungumanga, basibasi na karafuu masokoni, na chakula chake cha Jumamosi, shelisheli iliyopikwa kwa tui na manjano hadi tui likauke, ambacho mtu wa Unguja atakimaliza bila kuuliza. Mnaotoka Texas mwezi Septemba, Curaçao au Aruba.

London ni Barbados, ndege ya moja kwa moja ya saa nane na nusu hivi. Tokeni Alhamisi. Sababu ni Ijumaa usiku Oistins, mji wa wavuvi kusini mwa kisiwa, ambako moshi wa majiko unaanza kupanda jua likizama na kila kibanda kina foleni yake. Jodari, nduwaro na samaki panzi wanachomwa mbele yenu, wanakuja na makaroni ya kuoka au cou-cou, ambayo ni ugali laini uliosongwa na bamia, kitu ambacho hamtahitaji kuelezwa. Nyuma ya vibanda wazee wanapiga domino, na kila kete inagongwa mezani kwa nguvu kana kwamba meza ina kosa. Upande mwingine, kwa muziki wa zamani, watu wa miaka sabini wanacheza wawili wawili, wameshikana sawasawa, na wanajua hatua. Njooni mapema, saa kumi na mbili na nusu, maana saa mbili usiku mabasi ya watalii yanawasili na foleni inaongezeka maradufu. Kurudi hotelini hamhitaji teksi. Matatu za huko, zinazoitwa ZR, zinapita barabara ya pwani zikiwa na muziki wa kutosha, na nauli ni moja, uende karibu au mbali.

Ndege za kurudi London huruka jioni na kufika asubuhi, kwa hiyo Jumatatu bado ni siku ya bahari. Vyumba vinatakiwa kuachwa saa tano au saa sita. Siku ya kufika, ulizeni mapokezi kama kuna chumba cha kuogea cha wageni wanaoondoka, na muandikishe majina yenu mapema; hoteli nyingi za huko zinacho kimoja tu.